Breki ya Mkono na Breki ya Vidole

Watu wengi wakiitazama ndege ikipita juu hujiuliza imewezaje kupanda. Ni wachache mno wanaojiuliza itasimamaje ikishatua. Wazee walisema aliye juu mngoje chini, na mimi kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa hiyo hasa: kuzingoja ndege ndogo chini, kuzikagua magurudumu, kubadilisha pedi zilizolika na kuzitoa upepo breki zake. Katika kazi hiyo nimesikia mabishano ya kila aina baina ya marubani, lakini moja limedumu kuliko mengine. Je, breki ya ndege ndogo ifungwe kwa mkono wa rubani, au kwa vidole vya miguu yake?

Nieleze kwanza kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuketi mbele ya dashibodi ya ndege. Miguu ya rubani hukaa juu ya pedali mbili. Akisukuma ya kushoto, usukani ulioko mkiani hugeuka na pua ya ndege huelekea kushoto. Akisukuma ya kulia, huelekea kulia. Kazi ya pedali hizo ni kuongoza, si kusimamisha. Sasa, katika ndege yenye breki ya vidole, sehemu ya juu ya kila pedali inaweza kuinamishwa mbele kwa ncha ya mguu. Vidole vya mguu wa kushoto hufunga gurudumu la kushoto, na vya kulia hufunga la kulia, kila upande peke yake. Katika ndege yenye breki ya mkono hakuna hayo. Chini ya dashibodi, katikati ya viti viwili, hutoka fimbo moja. Rubani huivuta kuelekea kwake, na magurudumu yote mawili hukazwa kwa pamoja na kwa nguvu sawa. Asidhani mwenye gari kwamba hii ni kama ile breki ya mkono ya kuegeshea. Katika ndege ninazozisema, fimbo hiyo ndiyo breki yenyewe, ya kupunguza mwendo na ya kuegesha pia.

Hapana shaka jambo hili litaonekana dogo. Hata hivyo mimi nimeona kwamba limewahi kuamua nani apande ndege na nani abaki chini, na kwa sababu hiyo nimeona linastahili kuandikiwa kurasa chache.

Mwanzoni hapakuwa na ubishi, kwa kuwa hapakuwa na breki. Ndege ya akina Wright ya mwaka 1903 haikuwa hata na magurudumu. Iliteleza juu ya reli ya mbao ili kuruka, na ilitua kwa miguu kama ya sleji. Magurudumu yalipoingia, yaliviringika tu. Mkiani kulikuwa na kigongo kilichoburuzika ardhini, na kigongo hicho kilichokwaruza nyasi ndicho kilichoisimamisha ndege. De Havilland Moth, iliyoruka kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1925, ilikuwa ya namna hiyo, na ndugu yake Tiger Moth wa mwaka 1931, ambaye alifundisha maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili, naye aliundwa bila breki.

Ndege hizo tulizipata na sisi Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mjini Nairobi akiwa na Gipsy Moth moja, na ndiye ambaye uwanja wa Wilson unaitwa kwa jina lake hadi leo. Kusimamisha ndege kama ile kulihitaji uwanja mpana wa majani, rubani mwenye subira, na watu wa kukimbilia ncha za mabawa wakati upepo ulipokuwa mkali. Kiwanja hakikuwa na njia moja nyembamba kama ilivyo sasa. Kilikuwa kama uwanja wa mpira usio na magoli. Rubani alitazama upepo unatoka wapi, akatua kuuelekea, na upepo wenyewe ukamsaidia kupunguza mwendo. Ukitafakari utaona kwamba breki ya zamani ilikuwa vitu vitatu: nyasi, upepo na watu.

Vitu hivyo vitatu vilipoanza kutoweka ndipo breki ilipohitajika. Ndege zilikua nzito na zikatua kwa kasi zaidi. Lami ikatandazwa, na juu ya lami kigongo cha mkia hakishiki kitu, kinaruka cheche tu. Ikabidi kiondolewe na mahali pake pawekwe gurudumu dogo. Njia za lami zilikuwa chache na nyembamba, kwa hiyo rubani hakuweza tena kuchagua kila mara kutua kwa kuuelekea upepo. Upepo wa ubavuni ukimsukuma, alihitaji njia ya kuizuia ndege isigeuke kinyume cha matakwa yake. Kwa hiyo breki ilipozaliwa ilizaliwa na kazi mbili: kusimamisha na kuongoza. Ugomvi wa mkono na vidole umetoka katika kazi hizo mbili, na msomaji akilikumbuka hilo hatapotea katika yanayofuata.

Wakati huohuo breki ilileta hatari yake. Ndege ya zamani ilisimama kwa magurudumu mawili ya mbele na moja la mkiani, na uzito wake ulikuwa nyuma kidogo tu ya magurudumu ya mbele. Rubani akikaza breki kwa hofu, mkia uliinuka, pua ikachoma ardhi na propela ikavunjika. Kwa hiyo wabuni walikuwa na swali gumu. Breki wampe rubani, lakini wampe kwa kiungo gani cha mwili, asije akaikaza bila kukusudia?

Mataifa yalijibu kila moja kwa namna yake. Waingereza walichagua mkono. Katika Hurricane ya mwaka 1935 na Spitfire ya mwaka 1936, kulikuwa na kishikio kidogo juu ya fimbo ya kuongozea ndege, mfano wa kile cha breki ya baiskeli. Rubani alikibana kwa vidole vya mkono, na hewa iliyoshindiliwa ikaenda kwenye magurudumu. Miguu ikiwa sawa, magurudumu yote mawili yalikazwa sawa. Akisukuma pedali moja, valvu iligawa hewa na upande ule ukakazwa zaidi. Mkono ulisema kiasi gani, na miguu ikasema upande gani. Hata ndege ya kufundishia ya Chipmunk, ya mwaka 1946, ilifuata mawazo hayohayo kwa fimbo ya mkono iliyoshirikiana na pedali, ingawa nguvu yake ilikuwa ya mafuta badala ya hewa.

Warusi nao walifuata njia ya kishikio cha mkononi na hewa, na Wachina walioziunda ndege za ukoo wa MiG wakaichukua kutoka kwao. Ndiyo maana marubani wa Tanzania waliofunzwa katika ndege za kivita za China miaka ya 1970 walizoea kubana breki mkononi, ilhali wenzao waliojifunza katika Cessna za kiraia walizoea kuikanyaga.

Wamarekani walipenda miguu. Piper Cub, ile ndege ya manjano iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa na breki za visigino: vibati viwili vidogo sakafuni ambavyo rubani alivikanyaga kwa kisigino huku nyayo zake zikiwa bado juu ya pedali. Ni kazi ya kujipindapinda, lakini ina faida moja: si rahisi kuikanyaga kwa bahati mbaya. Ndege zao za kijeshi zikachukua breki za vidole, kila mguu na silinda yake ya mafuta, na baada ya vita marubani maelfu walirudi nyumbani wakiwa wameizoea. Mtu akishazoea kitu akiwa na umri wa miaka 20, huamini kwamba ndivyo Mungu alivyokiumba.

Hapa nataka nisimame kidogo kwa mtu mmoja, kwa kuwa habari yake inaonyesha uzito wa jambo hili kuliko hoja za mafundi.

Douglas Bader alikuwa rubani kijana wa jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 14 Desemba 1931 alianguka na ndege yake katika uwanja wa Woodley, akifanya michezo ya angani karibu mno na ardhi. Madaktari walimkata miguu yote miwili, wa kulia juu ya goti na wa kushoto chini ya goti. Alijifunza kutembea kwa miguu ya bandia, akajifunza kuendesha ndege tena, lakini mwaka 1933 jeshi lilimwondoa. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliomba arudishwe. Mwezi wa Oktoba akapelekwa shule kuu ya urubani kwenda kupimwa, na ndege aliyowekewa ilikuwa Harvard, ndege ya Kimarekani yenye breki za vidole.

Tazama basi hali yake. Kusukuma pedali aliweza, kwa kuwa pedali husukumwa kwa nguvu za paja na nyonga. Lakini kuinamisha ncha ya mguu kunataka kifundo cha mguu kilicho hai, na yeye vifundo vyake vilikuwa vya bati. Kama mtihani ule ungekuwa wa breki, angeshindwa kabla injini haijawashwa. Mwalimu aliyempima, ambaye walifahamiana tangu ujana, alizishughulikia breki yeye mwenyewe na kumwacha Bader aonyeshe urubani wake, kwa kuwa ndege za Uingereza alizokuwa anatakiwa kuziendesha zilikuwa na breki ya mkononi. Akafaulu. Mwaka 1940 alikuwa kiongozi wa kikosi cha Hurricane, na jina lake likajulikana duniani kote hadi alipotekwa huko Ufaransa mwezi wa Agosti 1941.

Mara nyingi habari za Bader husimuliwa kama habari za ujasiri, na kweli alikuwa jasiri. Mimi fundi naiona pia kama habari ya kishikio cha breki. Yule aliyeamua kwamba breki ya Spitfire ibanwe kwa mkono hakuwa akimfikiria mtu asiye na miguu. Alikuwa na sababu zake za kiufundi. Lakini uamuzi wake ulifungua mlango, na uamuzi wa mbuni wa Harvard, ambaye naye hakuwa na nia mbaya, uliufunga.

Baada ya vita mambo yalibadilika kwa sababu ya gurudumu moja. Gurudumu la mkiani lilihamia puani. Ndege yenye gurudumu la pua haielekei kuinama ikichoma breki, na ikitua kidogo upande hujinyoosha yenyewe. Zaidi ya hayo, gurudumu la pua laweza kuunganishwa na pedali likageuka kama magurudumu ya mbele ya gari. Na likigeuka hivyo, ile kazi ya pili ya breki, kazi ya kuongoza, haihitajiki tena sana.

Aliyeliona jambo hili mapema ni mhandisi Mmarekani Fred Weick. Alitaka ndege ambayo mtu wa kawaida angeiendesha bila hofu. Ndege yake, Ercoupe, iliruka mwaka 1937 ikaidhinishwa mwaka 1940. Haikuwa na pedali za usukani kabisa. Rubani alizungusha gurudumu la kuongozea angani na ardhini vilevile, na sakafuni palikuwa na pedali moja tu, ya breki, kama gari. Baada ya vita iliuzwa hata katika duka kubwa la Macy's. Marubani wakongwe waliicheka. Lakini mwaka 1957 Weick alijiunga na kampuni ya Piper, na akawa mmoja wa waliobuni Piper Cherokee, iliyoruka mara ya kwanza Januari 1960. Pedali za usukani zilikuwepo, gurudumu la pua likiwa limeunganishwa nazo moja kwa moja. Breki ilikuwa fimbo moja ya mkono, kama ilivyokuwa katika Piper Tri-Pacer ya mwaka 1951. Aliyetaka breki za vidole alizinunua kama nyongeza. Kila ninapoiona fimbo ile naona ndani yake wazo la Ercoupe: mtu asiongezewe viungo vya kufanyia kazi kuliko inavyolazimu.

Washindani wao, Cessna, walifikiri vingine. Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, na 150 iliyofuata, zilikuwa na breki za vidole kwa wote wawili, mwanafunzi na mwalimu. Gurudumu la pua liliunganishwa na pedali kwa springi, si kwa chuma kigumu. Pedali peke yake huligeuza 172 kiasi cha nyuzi 10 hivi. Ukitaka kona kali zaidi, unakanyaga breki ya upande mmoja na gurudumu linajipinda hadi nyuzi 30. Kwa hiyo katika Cessna breki ya vidole si pambo. Ni sehemu ya usukani wa ardhini. Ndege hizi mbili ndizo zilizolea marubani wengi kuliko zote: 172 zimeundwa zaidi ya 40,000, na ukoo wa Cherokee zaidi ya 30,000.

Ipi bora? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na nimejifunza kulijibu kwa kuzipima zote mbili bila upendeleo.

Breki ya vidole huiacha mikono huru. Wakati wa kutua, mkono wa kushoto umeshika usukani na wa kulia uko kwenye wenzo wa nguvu za injini. Katika Cherokee ya zamani mkono huohuo wa kulia unatakiwa pia kushusha fimbo ya flapu na kuvuta fimbo ya breki. Kwenye kiwanja kifupi hizo ni kazi nyingi kwa mkono mmoja. Tena, mwisho wa kiwanja chembamba cha porini, mwenye vidole anaweza kuizungusha ndege karibu papo hapo, wakati mwenye fimbo anahitaji nafasi au anashuka aisukume. Na liko la tatu ambalo ni zito kuliko yote kwangu mimi fundi. Breki ya mkono ina silinda kuu moja inayolisha magurudumu yote mawili. Bomba likivuja upande mmoja, mafuta hutoka na breki zote mbili hupotea. Breki za vidole zina silinda kwa kila upande. Ukipotea mmoja, wa pili unabaki.

Upande wa pili, breki ya mkono haikanyagwi bila kukusudia. Nimebadilisha matairi mengi yaliyolika sehemu moja hadi nyuzi zikaonekana, na karibu yote yalitoka kwenye ndege za mafunzo zenye breki za vidole. Mwanafunzi anatua huku amebonyeza ncha za miguu kwa woga, gurudumu linagusa ardhi limefungwa, tairi linasagika. Wengine hutembea na ndege ardhini huku vidole vikiegemea pedali, na diski hushika moto bila wao kujua. Fimbo haina mambo hayo. Haikazi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo haimtupi mwanafunzi nje ya njia. Na iko katikati ya viti, mwalimu na mwanafunzi wote wanaifikia. Cherokee nyingi zilizowekewa vidole ziliwekewa upande wa kushoto tu, na mwalimu aliyeketi kulia alibaki na fimbo ileile kama kinga yake. Hamadi ni iliyo kibindoni na silaha iliyo mkononi.

Matunzo yake hayatofautiani sana. Zote mbili ukizihisi laini kama sifongo, kuna upepo ndani ya mabomba, na utautoa kwa kusukuma mafuta kutoka chini gurudumuni kwenda juu. Zote zinataka mafuta mekundu ya ndege ya asili ya madini. Fundi atakayetia mafuta ya breki ya gari ataiharibu mipira yote ya ndani, na ndege itamlipa siku asiyoitarajia.

Niliwahi kuombwa kulipima jambo hili si kwa maneno tu. Katikati ya miaka ya 1980 kikundi kidogo cha watu wa pwani, ambao nisingependa kuwataja, walichanga fedha wanunue ndege moja iliyotumika. Walipata mbili za bei inayolingana, Cessna 150 na Cherokee ya miaka ya 1960 yenye fimbo. Waliniita nizikague. Injini zote mbili zilikuwa na maisha mazuri mbele yake. Wengi walitaka Cessna, na sababu zao zilikuwa za haki: vidole kwa wote wawili, bawa la juu lisilogusa vichaka, vipuri rahisi.

Miongoni mwa waliochanga alikuwamo kijana mwalimu wa shule ambaye alipata polio utotoni. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea. Mguu wa kulia ulikuwa na nguvu ya paja lakini kifundo chake kilikuwa kimelegea. Hakuweza kuinamisha wala kuinua ncha ya mguu. Alikuwa ametoa mchango sawa na wenzake, wala hakusema neno kuhusu mguu wake. Jioni moja tulipokuwa peke yetu bandani aliniuliza, "Mzee, hii ya vidole, mtu anaweza kuikanyaga kwa unyayo mzima?" Nikamwambia ukweli. Ukikanyaga kwa unyayo mzima unageuza ndege, husimamishi. Akanyamaza. Kisha akaketi ndani ya Cherokee, akasukuma pedali zote mbili hadi mwisho, akavuta fimbo, akaiachia, akaivuta tena.

Kesho yake niliwaeleza wenzake niliyoyaona katika ndege zote mbili, mazuri na mabaya, pamoja na lile la silinda moja. Kisha nikawaambia kwamba kasoro za Cherokee zinaweza kurekebishwa kwa spana, lakini kasoro ya Cessna kwa mmoja wao haina spana. Mzee mmoja akapinga kwamba ndege ya bawa la chini haifai viwanja vya mchanga. Nikamkumbusha Daktari Anne Spoerry, yule Mama Daktari aliyekuwa na nyumba Shela, ambaye alikuwa akivitembelea visiwa vya Lamu kwa ndege za Piper zenye bawa la chini, na aliendelea na kazi hiyo kwa miongo mitatu. Walibishana hadi adhuhuri. Mwisho wakanunua Cherokee.

Kijana alipimwa na daktari wa marubani, akaonyeshwa mbele ya mtahini kwamba anaimudu ndege ile, akapata idhini ya kujifunza. Siku aliyoruka peke yake mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kando ya njia. Alitua salama, akaenda mbele kidogo kuliko wengine kabla ya kuivuta fimbo, maana hakuwa na haraka.

Miaka michache baadaye wenzake walileta seti ya pedali za vidole, kwa sababu zilezile za haki nilizozitaja. Nilizifunga upande wa kushoto. Kulikuwa na aliyesema sasa fimbo iondolewe, dashibodi ipendeze. Sikuiondoa, na ufundi wenyewe uliniunga mkono. Katika Cherokee mafuta hupita kwanza kwenye silinda ya fimbo, kisha kwenye silinda za pedali, ndipo yakaenda magurudumuni. Zote mbili hufanya kazi ndani ya mfumo mmoja bila kugombana. Mwenye vidole akanyage, na mwenye mkono avute.

Leo hii naweza kusema vidole vimeshinda. Ndege mpya kama Cirrus SR20, iliyoidhinishwa mwaka 1998, zina gurudumu la pua linalozunguka lenyewe bila kuunganishwa na pedali, na rubani huongoza ardhini kwa kukanyaga breki ya upande huu na ule. Humo bila vidole huwezi hata kutoka kwenye maegesho. Ni mfumo mwepesi wenye vyuma vichache, lakini breki hufanya kazi za ziada, na kwa asiyekuwa mwangalifu hushika joto kupita kiasi. Breki ya mkono imebaki katika Cherokee za zamani na katika baadhi ya ndege nyepesi sana kama Ikarus C42 ya Ujerumani, ambayo ina kishikio kwenye fimbo ya kuongozea, sawa na kile cha baiskeli. Huko Uingereza, vijana wenye ulemavu wa miguu wamefundishwa urubani katika ndege za ukoo wa Cherokee zilizowekewa vifaa vya mkono, kwa mfuko wa ufadhili ulioanzishwa kumkumbuka Bader.

Sina ugomvi na ushindi wa vidole. Kama ningenunua ndege kwa ajili ya kiwanja kifupi na chembamba, nami nikiwa na vifundo vyangu vizima, ningechagua vidole na nisingejuta. Ninachoomba kwa wabuni, na kwa walimu, na kwa wote wanaowachagulia wengine vyombo vya kutumia, ni jambo moja. Kila pedali na kila fimbo imebeba picha ya mtu ambaye mbuni alimwona akilini alipokuwa akichora. Mtu huyo ana miguu ya urefu fulani na mikono ya nguvu fulani. Akija mtu asiyefanana na picha hiyo, tusikimbilie kusema hawezi. Tutazame kwanza kama ni yeye asiyeweza, au ni breki iliyowekwa mahali asipofikia. Mara nyingine ni yeye kweli, na aambiwe kwa upole. Mara nyingine ni kazi ya spana ya siku mbili.